Alama ya Pangaboi

Niliichora kwenye karatasi ya daftari la shule: kiduara katikati, mabawa matatu yakikizunguka. Nikampa kijana anayesimamia mzani katika uwanja mmoja wa chuma chakavu jijini Dar es Salaam, nikamuuliza kama anaijua. Akaigeuza juu chini, chini juu, kisha akasema bila wasiwasi, "Pangaboi hii, mzee wangu." Mwenzake aliyekuwa amechuchumaa akipasua kompresa ya friji kwa tindo na nyundo akanyanyua shingo. "Pangaboi wapi! Hiyo propela ya boti." Wakabishana kidogo, wakaafikiana kwamba iwe pangaboi, iwe propela, kitu chenye alama hiyo lazima kina mota, mota ina shaba, na shaba ndiyo inayolipa.

Sikuwacheka. Alama ile ni ya mionzi. Ilibuniwa mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha California, kule Berkeley, na watu wa maabara kwa ajili ya watu wa maabara, na asiyefundishwa maana yake haimwambii kitu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lenyewe lililiona hilo. Mwaka 2007, baada ya majaribio katika nchi 11, Kenya ikiwemo, likatoa alama ya pili: pembetatu nyekundu yenye miale, fuvu la kichwa na mtu anayetimua mbio. Hiyo inasomeka hata na mtoto wa chekechea. Ila huwekwa ndani ya mashine, karibu na chanzo chenyewe, mahali ambapo anayeiona ameshaanza kubomoa. Na mashine zilizotengenezwa zamani hazina.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza watu waliosoma kuliko vijana wale swali jingine: je, matabibu na wauguzi wetu wafundishwe namna ya kukabili dharura ya mionzi? Jibu limekuwa lile lile, kwa maofisa, kwa waandishi wenzangu, hata kwa daktari mmoja rafiki yangu ambaye akili yake naiheshimu. Sisi hatuna kinu cha nyuklia. Mambo hayo ni ya Chernobyl na Fukushima. Tabibu wa wilaya ana malaria, ana kipindupindu, ana wajawazito wanaoletwa usiku kwa bodaboda. Usimtwishe na atomu. Tume ya atomu ipo, wataalamu wapo. Likitokea, watakuja.

Kauli hii si ya kijinga, na ndiyo maana imeenea. Lakini imekosea tangu neno la kwanza.

Tuanze na hicho kinu. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa serikali ya Kenya wa kujenga kinu cha nyuklia pwani kwao. Ulikuwa mjadala mkali, na wapo waliokuwa na hoja pande zote mbili. Ila sikiliza vizuri utagundua kwamba wapinzani na watetezi walikubaliana jambo moja bila kujua: wote walizungumza kana kwamba mionzi itafika Afrika Mashariki siku kinu kitakapowashwa. Mionzi imeshafika zamani. Hospitali zetu zinazotibu saratani, Ocean Road na Bugando miongoni mwao, zimetibu wagonjwa kwa mashine za kobalti-60. Mkandarasi wa barabara anayepima kama udongo umeshindiliwa sawasawa hutumia kisanduku ambacho mara nyingi ndani kina kesiamu-137 na amerisiamu. Viungio vya mabomba ya mafuta na gesi hupigwa picha, na iridiamu-192 ni moja ya vyanzo vinavyotumika sana kwa kazi hiyo. Viwanda vya saruji na vya vinywaji vina vipimo vya namna hiyo. Vyote hivyo ni halali, vina faida, na vikitunzwa havimdhuru mtu. Havina bomba la moshi wala ukuta wa zege wa kuandamania. Vinabebwa kwenye pikapu.

Na vikichakaa, au mwenye navyo akifilisika, mrithi wake ni nani? Ni yule kijana wa mzani. Tena kuna ukatili fulani hapa. Chanzo kikali cha mionzi hufunikwa kwa risasi, na risasi ni nzito, na chuma chakavu hununuliwa kwa kilo. Ngao iliyowekwa kuwalinda watu ndiyo hiyo hiyo yenye thamani sokoni.

Hiyo si nadharia. Imeshatokea, tena katika mji usiokuwa na kinu, nao ni Goiânia, katikati ya Brazili. Kliniki binafsi ya tiba ya mionzi ilihama mwishoni mwa 1985, ikaacha mashine moja ndani ya jengo bila kuwaarifu wenye mamlaka. Jengo likabomolewa nusu. Tarehe 13 Septemba 1987 wanaume wawili waliosikia kwamba kuna chuma cha maana pale wakaingia, wakaivunja mashine na kuondoka na kichwa chake kwa toroli. Ndani yake mlikuwa na unga wa kloridi ya kesiamu, takriban gramu 93, haujai hata kikombe cha kahawa.

Siku hiyo hiyo wakaanza kutapika. Tarehe 15 mmoja alikwenda kwa daktari, mkono umevimba, anaharisha, kizunguzungu. Akaambiwa ni mzio wa chakula kibaya. Tarehe 18 kile chuma kikauzwa kwa mwenye uwanja wa skrepa. Usiku ule mwenye uwanja akaona mwanga wa bluu ukitoka ndani yake, akadhani amepata kitu cha thamani, labda cha miujiza, akakiingiza nyumbani. Majirani wakaja kutazama, ndugu wakagawiwa punje ndogo kama zawadi. Wapo waliojipaka mwilini kwa jinsi ilivyong'aa. Ndugu yake mmoja akapeleka kidogo kwake, na binti yake wa miaka 6 akala yai kwa mikono iliyokuwa na ule unga. Tarehe 21 mke wa mwenye uwanja akaugua, akapimwa hospitali. Naye akaambiwa amekula kitu kisichomfaa.

Sasa tazama nani alivunja duara hilo. Hakuwa mtaalamu wala daktari. Alikuwa mke yule yule, mgonjwa, aliyekaa akahesabu nani ameugua na nani hajaugua, akaona kila aliyeugua alikigusa au alikaa karibu na kile chuma. Tarehe 28 Septemba akakitia kwenye mfuko, yeye na kibarua mmoja, wakapanda basi la abiria, wakaenda kukiweka juu ya meza ya ofisi ya afya ya mji, akasema kitu hiki kinawaua watu wangu. Epidemiolojia nzima ya tukio lile ilifanywa na mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemfundisha. Alikufa mwezi uliofuata, siku moja na yule binti.

Kesho yake, tarehe 29, mwanafizikia mmoja aliazima kipima mionzi, akaielekea ile ofisi ya afya. Kabla hajafika mshale ukagonga mwisho, akafikiri kifaa kimeharibika, akaenda kuchukua kingine. Aliporudi alikuta zimamoto wameitwa na wako tayari kukibeba kile kitu wakakitupe mtoni. Zimamoto! Watu wa kuokoa, wenye nia njema kabisa, walikuwa dakika chache kutoka kuchafua maji ya mji kwa chumvi inayoyeyuka, ambayo huchukua miaka 30 ili mionzi yake ipungue nusu.

Hesabu ya mwisho: watu 112,000 hivi walipimwa katika uwanja wa michezo, 249 wakakutwa wamechafuka, wanne wakafa ndani ya mwezi mmoja. Nyumba zikabomolewa, udongo ukachotwa, taka zikafika maelfu ya mita za ujazo.

"Likitokea, watakuja." Goiânia walikuja. Wataalamu wa Brazili walipoarifiwa walifika haraka, na kazi waliyoifanya inasomwa hadi leo. Shida ni zile siku 16 kabla ya kuitwa. Mtaalamu wa mionzi hazunguki mitaani akinusa, huitwa. Na anayeweza kumwita ni yule aliyekaa mbele ya mgonjwa wa kwanza akiwa na kalamu mkononi. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyo chini ya sheria ya 2003, inasajili vyanzo, inakagua, inatoa leseni, na sina ugomvi nayo. Lakini daftari la Tume linajua chanzo kilipo mpaka siku kinapoibiwa. Kuanzia hapo daftari ni la mapokezi ya zahanati.

Anayesema nimechagua mfano wa kutisha makusudi, nampa mwingine. Mapema mwaka 2000, mkoa wa Samut Prakan, Thailand: mashine ya kobalti-60 iliyokuwa imehifadhiwa mahali pa kuegesha magari inaibiwa, inauzwa, inakatwa kwa moto kwenye uwanja wa skrepa. Wagonjwa wanafika hospitali na kutapika, nywele zinanyonyoka, mikono ina vidonda kama vya moto, chembe nyeupe za damu zimeporomoka. Hapa madaktari wanajiuliza: hawa wote wanafanya kazi wapi? Tarehe 18 Februari wanaiarifu ofisi ya atomu ya nchi yao. Tarehe 20 kile chanzo kimeshapatikana na kufungiwa. Walikufa watatu, na sitasema ulikuwa ushindi. Ila pale hospitali ndiyo iliyopiga kengele, na tangu kengele hadi chanzo kukamatwa zilipita siku mbili.

Rafiki yangu daktari hapa hunikatiza: vifaa je? Kipima mionzi ni ghali, na hata ukikinunua, baada ya mwaka betri imekufa na aliyefundishwa kukitumia amehamishwa. Kuhusu betri ana haki. Kuhusu mengine amesahau vifaa alivyo navyo. Cha kwanza ni saa ya ukutani. Muda kati ya kupigwa na mionzi na kutapika kwa mara ya kwanza ni kipimo cha ukali: aliyetapika ndani ya saa moja amepata dozi kubwa sana, aliyetapika baada ya saa mbili, dozi ndogo zaidi. Cha pili ni hadubini. Chembe nyeupe za damu aina ya limfosaiti ndizo za mwanzo kufa, kwa hiyo kipimo cha damu kikirudiwa kila baada ya saa kadhaa kwa siku mbili, mteremko wake unakuambia mgonjwa anaelekea wapi. Hospitali ya wilaya inafanya kipimo hicho kila siku kwa sababu nyingine. Cha tatu hakinunuliwi. Ni swali: unafanya kazi gani, na wiki hizi umeshika chuma gani?

Hata hofu ya kumgusa mgonjwa ni suala la mafunzo. Tofauti inayotakiwa kujulikana ni moja, na Kiswahili kinaieleza bila shida. Aliyeota jua hageuki jua; mkumbatie, hatakuunguza. Aliyepakwa masizi atakuchafua mpaka aoshwe. Mtu aliyepigwa na mionzi ya kobalti kutoka nje ni kama aliyeota jua, hana mionzi ya kumwambukiza mtu. Mtu aliyeshikwa na vumbi la kesiamu ni yule wa masizi: mvue nguo, zifunge kwenye mfuko, muogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni bila kumchubua. Kuvua nguo peke yake huondoa hadi asilimia 90 ya uchafu. Na kama anavuja damu, kwanza zuia damu, uchafu utasubiri. Haya yote yanafundishika kwa saa mbili. Muuguzi asiyeyajua atafanya moja kati ya mawili: atamkimbia mgonjwa asiyekuwa na madhara, au atamhudumia mwenye vumbi kwa mikono mitupu kisha aende nyumbani akamnyonyeshe mwanawe.

Mtaona sijataja vidonge vya iodini. Watu wanaojua jambo moja tu kuhusu mionzi huwa wanajua hilo, na wapo walioniambia maandalizi maana yake ni kuwa na akiba ya vidonge. Vile hulinda tezi ya shingo dhidi ya iodini yenye mionzi, aina inayotoka kwenye kinu kilichopasuka. Mbele ya kesiamu au kobalti ya kwenye skrepa ni sawa na kumeza chaki. Ukifikiria kinu tu, hata dawa utaweka ya kinu.

Inabaki hoja ya vipaumbele, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Ni kweli tabibu anaweza kustaafu bila kuona mgonjwa hata mmoja wa mionzi. Ni kweli pia kwamba kati ya watapikaji elfu wanaoingia zahanati, wote elfu wanaweza kuwa na sababu za kawaida. Sasa nikumbushe jambo. Hadi mapema mwaka 2023 Tanzania ilikuwa haijawahi kuthibitisha mgonjwa hata mmoja wa Marburg. Machi mwaka ule watu wakaanza kufa Bukoba Vijijini kwa homa isiyoeleweka. Serikali ilitangaza ugonjwa usiojulikana siku chache kabla ya maabara kuupa jina. Waliougua wakaishia 9, waliokufa 6, na mapema Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Kama kigezo kingekuwa ugonjwa tunaouona kila siku, nani angelikuwa amefundishwa Marburg Kagera? Kilichookoa watu ni mazoea ya kuuliza pale mambo yasipoingia akilini, na kutoa taarifa kabla ya kuwa na uhakika. Mazoea hayo hayo ndiyo ninayoyadai. Sidai idara mpya.

Na wala siombi fadhila. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 hazihusu vijidudu peke yake; zinataja dharura za mionzi. Mwaka 2016 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kujitokeza kufanyiwa tathmini ya utayari chini ya kanuni hizo, jambo la kujivunia, na mionzi ni moja ya maeneo yaliyopimwa. Tumeshakubali kwamba ni kazi yetu. Tulichobakiza ni kuipeleka inakostahili.

Maana mafunzo yenyewe, pale yanapofanyika, mnajua yanavyofanyika. Nimehudhuria warsha moja ya namna hiyo, sitaitaja ya nani. Ilikuwa hotelini, ina mabango, ina chai ya saa nne yenye sambusa nzuri sana. Kwenye viti walikaa wakuu wa idara, ambao wengi wao hawajamshika mgonjwa miaka kumi. Mtoa mada kutoka ng'ambo alionyesha ramani ya moshi wa Chernobyl kwa dakika arobaini. Tabibu wa mapokezi hakuwepo, muuguzi wa zamu ya usiku hakuwepo, dereva wa gari la wagonjwa hakuwepo, na zimamoto alikuwepo mmoja, amekaa nyuma kabisa. Tukasaini posho, tukapewa mkoba. Mtu akiniambia kwamba mafunzo ya mionzi ni anasa, na ana picha ya warsha hiyo kichwani, namwelewa kabisa. Lakini dawa ya warsha mbovu haiwezi kuwa kutofundisha. Ziwekwe zile saa mbili ndani ya mtaala wa vyuo vya matabibu na uuguzi, ukurasa mmoja ubandikwe ukutani karibu na ratiba ya chanjo, na mara moja kwa mwaka mgonjwa wa kuigiza aletwe mapokezi usiku wa manane bila taarifa. Gharama yake haifiki ya zile sambusa.

Wapo pia wanaosema kwa sauti ya chini kwamba wananchi wakiambiwa watataharuki. Goiânia wananchi hawakuambiwa kitu mpaka mambo yalipoharibika, na waliambiwa ghafla. Siku ya kumzika yule binti wa miaka 6, ndani ya jeneza lililofunikwa kwa risasi, umati uliziba makaburi kwa mawe na matofali asizikwe mjini mwao. Bidhaa za jimbo zima zikakosa wanunuzi. Hiyo ndiyo taharuki, na ilizaliwa na kutojua. Linganisha na Januari 2023, Australia Magharibi, ambako kidonge cha kesiamu chenye urefu wa milimita 8 kilidondoka kutoka kwenye lori mahali fulani katika barabara ya kilomita 1,400. Mamlaka za afya na zimamoto zikatoka hadharani na picha yake na ukubwa wake: ukikiona usikishike, kaa mita 5, piga simu, madereva, kagueni matairi. Hakuna aliyechoma mtu moto. Kikapatikana tarehe 1 Februari, mita 2 pembeni mwa barabara, kwa vifaa vya kupimia mionzi vilivyokuwa ndani ya gari lililokuwa likipita.

Nilirudi kwenye ule uwanja wiki moja baadaye, safari hii na alama zote mbili, ya pangaboi na ya mtu anayekimbia, nimezichapa kubwa kwa rangi. Kijana wa mzani aliniamkia, nikaitikia, akazitazama kwa makini zaidi kuliko mara ya kwanza. Nikamweleza risasi, mwanga wa bluu, mikono iliyovimba. Akachukua msumari akaipigilia karatasi kwenye nguzo, chini ya ubao wa bei za shaba na alumini. Kisha akauliza swali ambalo hakuna ofisa aliyewahi kuniuliza: "Sasa mzee, nikiiona, naanzia wapi?"

Nikamwambia ondoka hapo, wazuie wenzako wasisogee, mwarifu mwenyekiti wa mtaa, na kama umeshaishika nenda zahanati mara moja ukawaeleze.

Akacheka, akamtazama yule mwenzake wa tindo. "Zahanati hii ya hapa? Wataniambia nina taifodi."

Mwenzake hakucheka. Alikuwa amesimamisha nyundo, anakitazama kitu alichokishika mkononi.